Gia Huru

Swichi ni mbili, zimechomoza ubavuni mwa giaboksi
kama chuchu za mbuzi,
na aliyezitengeneza huko Japani
hakuona haja ya kuziandika majina.
Moja yajua rivasi tu.
Nyingine yajua pale katikati, mkono unapotikisa gia
huku na huku isishike kitu: huru.

Nimelala chali juu ya zulia kuukuu la sebuleni,
Blaenau, mwezi wa pili, mvua ikitwanga bati.
Miaka thelathini na mmoja nilifunga nyaya za ishara za reli.
Hakuna treni iliyogonga treni kwa kosa la mkono wangu.
Nikajiambia: swichi mbili, nyaya nne,
kazi ya kabla ya chai.

Nyaya za MG nazijua kwa rangi, kama mwalimu ajuavyo watoro:
kahawia ana moto usiku na mchana, usimguse hovyo;
mweupe huamka ufunguo ukizungushwa;
kijani hupita kwanza kwenye fyuzi;
kijani mwenye mstari wa kahawia ndiye
aendaye nyuma kuwasha taa za rivasi.
Mweusi ni wa ethi. Mweusi hubeba lawama za wote.

Lakini nyaya za Mazda zina lahaja nyingine.
Injini hii ina kompyuta, na kompyuta ina swali moja
kila tukisimama: umo kwenye gia, au uko huru?
Isipojibiwa hupandisha pumzi, hushusha pumzi.

Gari lilikuwa la baba. Injini yake ya kwanza
ilipasuliwa bloku na barafu.
Nilipoingiza ya Mazda, Gethin ndugu yangu
alisimama mlangoni mwa gereji, hakuvua kofia:
"Umemfufua mzee kwa roho ya mtu mwingine."
Nikamjibu neno. Naye akanijibu neno.
Miaka mitatu, na nyumba zetu zatazamana.

Nikalehemu, nikavalisha mpira, nikaupuliza moto hadi ukanywea,
nikapima kwa mita. Ikalia pii. Nikaridhika na pii.
Hilo ndilo kosa. Pii husema njia ipo,
haisemi yaenda kwa nani.

Jumamosi nikateremka mjini. Pale wanapojenga upya ukuta
wameweka taa za muda, nyekundu yake ndefu kama mahubiri.
Nikasimama. Nikaweka huru. Nikaachia klachi.
Nyuma yangu gari la mikate likapiga honi,
likarudi hatua mbili, likapiga tena,
na foleni nzima ikarudi ikilaani.

Alishuka, kofia kichwani, unga mabegani.
"Eluned! Unarudi au hurudi?"
"Sirudi. Nimesimama."
"Taa zako zasema unarudi."
Nikatia gia ya kwanza. "Na sasa?"
"Zimezimika."
Nikatia rivasi, klachi nimeikanyaga hadi sakafuni. "Na sasa?"
"Giza."
Barabara ikapewa kijani, ikapewa nyekundu tena,
hakuna aliyepita.
"Umezipishanisha," akasema. "Za reli hukuzipishanisha."
"Za reli zilikuwa na majina."

Jioni akaja na tochi ya baba,
akaishika vibaya, ikinimulika machoni.
"Injini yenyewe yalia kama cherehani."
"Cherehani ya mama ilitulisha," nikasema.
Hakujibu. Akanipa koleo kabla sijaliomba.

Nikakata, nikaunga upya. Tukawasha.
Mshale ukatetemeka, ukatulia kwenye mia nane na hamsini:
kompyuta imeuliza, imejibiwa.
Gethin akaenda nyuma ya gari, kwenye mvua.
"Natia rivasi!" nikapaza sauti.
Kimya. Bati tu.
"Imewaka," akasema, na baada ya muda,
"ya kushoto."